"Mtandao Unasumbua": Namna ya Kusimamia Mifumo ya TEHAMA Katika Ofisi za Mbali Ili Huduma Zisisimame

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayetoka kijijini kwenda makao makuu ya halmashauri kufuata leseni ya biashara au kibali cha ujenzi hulipa nauli na kupoteza siku nzima ya kazi. Anapofika dirishani na kuambiwa "mtandao unasumbua, njoo kesho", gharama hiyo huongezeka maradufu. Yeye hana namna ya kujua kama kilichoharibika ni mnara wa mawasiliano, waya uliotafunwa na panya, betri iliyokufa au nywila ya mtumishi aliyekwenda likizo. Anachokiona ni kwamba Serikali haikuwepo siku aliyoihitaji.

Kauli hiyo imezoeleka, lakini mara nyingi inaficha tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa. Makala hii inaeleza namna miundombinu ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) inavyopaswa kusimamiwa katika ofisi zilizo mbali na makao makuu: ofisi za kata, zahanati, vituo vya afya, shule, vizuizi vya mazao na matawi ya taasisi za umma wilayani.

Huduma zimehamia kwenye mifumo

Tanzania Bara ina mikoa 26 na halmashauri 184, na chini ya kila halmashauri zipo kata, vijiji na vituo vingi vya kutolea huduma. Kwa miaka mingi ofisi hizo ziliendeshwa kwa majalada na vitabu vya stakabadhi. Hali imebadilika. Tangu mwaka 2017, malipo ya Serikali yamekuwa yakihamia katika mfumo wa GePG, ambao humpatia mlipaji namba ya kumbukumbu ya malipo. Katika mwaka huo huo, vituo vya afya na shule vilianza kutumia mfumo wa FFARS kuandaa hesabu na taarifa za fedha. Mapato ya halmashauri sasa husimamiwa kupitia mfumo wa TAUSI, na hospitali nyingi za umma hutumia mfumo wa GoT-HoMIS kusajili wagonjwa na kufuatilia dawa.

Mabadiliko hayo yamepunguza mianya ya upotevu wa fedha na kurahisisha ukaguzi. Hata hivyo, yameleta utegemezi mpya. Zamani ofisi ya kata iliweza kufanya kazi ikiwa na meza, kitabu na kalamu. Leo ofisi hiyo hiyo huhitaji umeme, kifaa kizima, njia ya mawasiliano na mtumishi mwenye ruhusa ya kuingia katika mfumo. Kimoja kati ya hivyo vinne kikikosekana, dirisha hufungwa. Kwa mantiki hiyo, kusimamia TEHAMA katika ofisi za mbali ni kuhakikisha vitu hivyo vinne vinapatikana kwa pamoja, kila siku ya kazi.

Njia ya mawasiliano: moja haitoshi

Uti wa mgongo wa mawasiliano nchini ni Mkongo wa Taifa, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao unasimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL). Mkongo huo umeunganisha mikoa yote na umefika katika mipaka ya nchi jirani zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Juu ya miundombinu hiyo upo Mtandao wa Mawasiliano wa Serikali, GovNet, unaoziwezesha taasisi za umma kuwasiliana bila kupitisha taarifa zao katika intaneti ya wazi. Kwa maeneo ya vijijini, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zijenge minara. Mwaka 2023 zilisainiwa hati za ujenzi wa minara 758.

Pamoja na hatua hizo, kilomita za mwisho kutoka barabara kuu hadi ofisini ndizo ngumu zaidi. Katrepila linalochonga barabara linaweza kukata kebo. Mvua inaweza kubomoa daraja lililobeba nyaya. Kwa sababu hiyo, ofisi inayotoa huduma muhimu inapaswa kuwa na njia mbili za mawasiliano.

Hesabu yake ni rahisi. Njia inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda huonekana kuwa nzuri, lakini asilimia 1 ya mwaka ni takriban saa 88. Kwa ofisi inayofanya kazi saa nane kwa siku, hizo zinaweza kufikia siku 11 za kazi endapo zote zitaangukia saa za huduma. Ofisi ikiwa na njia mbili za kiwango hicho, na kila moja ikijitegemea kikamilifu, uwezekano wa zote mbili kukatika kwa wakati mmoja hushuka hadi chini ya saa moja kwa mwaka.

Neno la kuzingatia hapo ni "kujitegemea". Laini mbili za kampuni tofauti za simu zinazotumia mnara mmoja ni sawa na njia moja yenye majina mawili, kwani mnara ukizimika zote huzimika. Kabla ya kulipia njia ya pili, Afisa TEHAMA anapaswa kuuliza inapita wapi, inatumia mnara upi na inapata umeme kutoka wapi. Mchanganyiko unaofaa ni ule wa kebo ya mkongo na laini ya simu inayotoka mnara mwingine.

Pale ambapo hakuna kebo wala mnara wa kuaminika, setilaiti hubaki kuwa chaguo. Setilaiti za kawaida za mawasiliano hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kutokana na umbali huo, ombi na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde kusafiri. Kwa barua pepe hilo si tatizo, lakini mfumo unaobadilishana ujumbe mara 40 kabla ya kufungua ukurasa mmoja utamsubirisha mtumishi kwa sekunde 20. Ndiyo maana mifumo inayokusudiwa kutumika vijijini inapaswa kujaribiwa katika ofisi za vijijini kabla ya kuanza kutumika.

Funzo la Mei 2024

Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika na kusababisha kuzorota kwa intaneti nchini Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki na Kusini. Tukio hilo lilionesha umuhimu wa swali ambalo aghalabu halipewi uzito: je, mfumo unaotumiwa na ofisi ya wilaya umehifadhiwa wapi?

Taarifa inayotoka katika ofisi ya halmashauri kwenda katika kituo cha data kilichopo ndani ya nchi haina sababu ya kuvuka bahari. Mfumo ulio katika seva za nje hulazimika kuvuka, na waya wa baharini ukikatika, halmashauri iliyopo mamia ya kilomita kutoka pwani nayo huathirika. Kuhifadhi mifumo ya msingi ya Serikali ndani ya nchi na kuifikia kupitia GovNet ni suala la usalama wa taarifa, na pia ni kinga dhidi ya ajali zinazotokea mbali na mipaka ya Taifa.

Seva ikae wapi?

Wakati mwingine tawi hupewa seva yake kwa nia njema, ili kazi iende haraka. Baada ya muda, seva hiyo hukutwa chini ya meza, imejaa vumbi na haina nakala ya taarifa zake. Utaratibu unaofaa ni kuweka mifumo na kumbukumbu kuu katika kituo cha data chenye ulinzi, kiyoyozi na wataalamu, na kuliachia tawi vifaa vichache iwezekanavyo: ruta, swichi, kompyuta na printa.

Seva ya tawini huhalalishwa na sababu mahususi, kama vile hospitali ambayo haiwezi kusimamisha huduma kwa wagonjwa pindi mawasiliano yanapokatika. Katika mazingira hayo, seva iwekwe katika chumba kinachofungwa, chenye hewa ya kutosha, na itume nakala za taarifa makao makuu kila siku.

Umeme, radi na joto

Kukatika kwa umeme husimamisha huduma, na kurudi kwake kwa kishindo huharibu vifaa. Ofisi ndogo inaweza kujikinga kwa gharama nafuu. Ruta, swichi na kompyuta mpakato mbili kwa pamoja hutumia takriban wati 150. Betri moja ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 kwa saa huhifadhi nishati ya wati 1,200 kwa saa. Ikitumika nusu tu ili isichakae mapema, betri hiyo inaweza kuendesha vifaa hivyo kwa muda unaokaribia saa nne, na ikichajiwa kwa paneli za umemejua, ofisi inaweza kumaliza siku ya kazi.

Yapo makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuunganisha printa kubwa ya leza katika kifaa cha UPS. Printa hiyo hunyonya umeme mwingi inapopasha joto na humaliza betri kabla ya kazi muhimu kukamilika. La pili ni kusahau kwamba betri ina umri. Betri isiyopimwa hugundulika kuwa imekufa siku ambayo umeme umekatika. Ni vyema kila betri iandikwe tarehe ya kufungwa na ijaribiwe angalau mara moja kila robo mwaka.

Katika maeneo yenye radi nyingi, ikiwemo Kanda ya Ziwa Victoria, waya wa ethi na kinga-radi ni sehemu ya mfumo wa TEHAMA. Radi hupita katika nyaya za umeme, na hupita pia katika nyaya za mawasiliano na antena iliyo juu ya paa. Kukinga upande mmoja pekee ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Vifaa vya aina moja na rejista iliyo hai

Halmashauri yenye ofisi 30 na ruta za aina 12 ina matatizo 12 ya kujifunza. Ikiwa na ruta za aina moja au mbili, fundi mmoja anaweza kuzifahamu zote, na kifaa kimoja cha akiba kilichokwisha kupangiliwa kinaweza kusubiri makao makuu ya wilaya. Ruta ya kata ikiungua, ya akiba hutumwa kwa gari linalokwenda huko na kuchomekwa na mtumishi aliyepo, bila kumsubiri mtaalamu kwa wiki mbili.

Hilo linawezekana endapo ipo rejista inayoonesha kila kifaa kilipo, namba yake, tarehe ya kununuliwa, aliyekabidhiwa na mwisho wa kupata msaada wa mtengenezaji. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika mara nyingi. Kwa mfano, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa programu endeshi ya Windows 7 tarehe 14 Januari, 2020 na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Kompyuta inayoendelea kutumia programu isiyopokea marekebisho ya usalama huwaka kama kawaida, lakini ni mlango usio na kitasa. Kwa kuwa kompyuta za matawini mara nyingi ni zile zilizohamishwa kutoka makao makuu zikiwa zimechakaa, hatari hiyo ni kubwa zaidi huko.

Masasisho yasiyomeza mtandao

Masasisho ya programu ni ya lazima, lakini yasipopangwa husimamisha ofisi. Chukulia ofisi yenye kompyuta 10 na njia ya mawasiliano ya megabiti 4 kwa sekunde. Sasisho la gigabaiti 2 likipakuliwa na kila kompyuta kivyake, jumla ni gigabaiti 20, na njia hiyo itashikwa kwa takriban saa 11. Sasisho hilo likipakuliwa mara moja na kusambazwa ndani ya ofisi, kazi hiyo huchukua muda unaozidi saa moja kidogo, na inaweza kufanyika usiku. Kwa wananchi waliopo dirishani, tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kuhudumiwa na kurudishwa nyumbani.

Taarifa za wananchi na nakala rudufu

Ofisi ya mbali hutunza taarifa nyeti: majina, namba za utambulisho, hali za afya na madeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaka taasisi kulinda taarifa hizo bila kujali kama zipo Dodoma au katika zahanati ya kijiji. Kompyuta mpakato iliyoibwa katika kituo cha afya ni hasara ya kifaa, na inaweza kuwa uvujaji wa siri za wagonjwa endapo diski yake haikusimbwa.

Kuhusu nakala rudufu, wataalamu hufuata kanuni rahisi: kuwe na nakala tatu za taarifa, katika vihifadhi vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo. Diski ya nje inayotunzwa katika droo ya meza ileile ilipo kompyuta haikidhi kanuni hiyo, kwani moto au mwizi atachukua vyote kwa pamoja. Aidha, nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa haina uhakika. Jaribio la kurejesha taarifa linapaswa kufanywa kwa ratiba na matokeo yake kuandikwa.

Nywila si mali ya ofisi

Katika baadhi ya ofisi, nywila ya mfumo wa mapato hubandikwa ukutani au hutumiwa na watumishi watatu kwa zamu. Jambo hilo linaweza kuonekana kuwa ushirikiano, lakini athari zake ni kubwa. Kila muamala hubeba jina la aliyeingia katika mfumo. Fedha zikipungua, mwenye jina ndiye atakayehojiwa, hata kama siku hiyo alikuwa msibani. Kila mtumishi awe na akaunti yake, yenye ruhusa zinazolingana na majukumu yake tu.

Vilevile, akaunti ya mtumishi aliyehamishwa, kustaafu au kufukuzwa kazi inapaswa kufungwa siku anapokabidhi ofisi. Hati ya makabidhiano iwe na kipengele cha akaunti na mashine za POS kama ilivyo kwa funguo na samani. Mashine za POS zinazokaa muda mrefu bila kuunganishwa na mfumo zifuatiliwe kila siku, kwa sababu fedha zilizokusanywa na mashine ambayo haijatuma taarifa hazionekani makao makuu.

Watu kwanza

Afisa TEHAMA wa halmashauri hawezi kuwa katika kata zote. Kila kituo kinahitaji mtumishi mmoja aliyefundishwa hatua za mwanzo: kuangalia taa za ruta, kuzima na kuwasha kwa mpangilio, kutambua kama tatizo ni la umeme au la mawasiliano, na kutoa taarifa akiwa na maelezo kamili. Nyaya zikiwekewa alama na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili ikibandikwa kando ya ruta, matatizo mengi yanaweza kumalizika kwa simu. Mtumishi huyo aelezwe pia asichopaswa kufanya, ikiwemo kufungua vifaa au kumruhusu fundi wa mtaani kubadili mipangilio.

Makao makuu kwa upande wake yanapaswa kuwa na mfumo unaoonesha ofisi ipi ipo hewani na ipi haipo. Si sahihi taarifa ya kukatika kwa mawasiliano ifike kwa mtaalamu kupitia malalamiko ya mwananchi siku ya tatu.

Mtandao unapokatika

Hakuna miundombinu isiyoharibika. Kwa hiyo, kila ofisi inapaswa kuwa na utaratibu wa maandishi wa kuendelea na kazi. Katika zahanati, mgonjwa ahudumiwe kwanza na taarifa ziandikwe katika vitabu vya MTUHA, kisha ziingizwe katika mfumo mawasiliano yanaporejea, zikiwa na tarehe halisi ya huduma na jina la aliyeziingiza. Katika ofisi za mapato, tatizo la mtandao lisiwe sababu ya kupokea fedha taslimu nje ya mfumo.

Mwananchi naye ana wajibu na haki. Aliyekwisha kupata namba ya kumbukumbu ya malipo anaweza kulipa kwa simu au benki hata kama ofisi iliyompa imepoteza mawasiliano. Atunze ujumbe wa uthibitisho, asilipe mara ya pili kabla ya kuhakiki, na asimkabidhi mtumishi fedha kwa ahadi ya kuletewa stakabadhi baadaye. Anaporudishwa kwa sababu ya mtandao, ana haki ya kuuliza tatizo litatatuliwa lini, na ofisi inapaswa kuchukua namba yake ya simu ili ajulishwe kabla ya kulipa nauli nyingine.

Wajibu wa viongozi

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya Mwaka 2019, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) kutoka iliyokuwa Wakala ya Serikali Mtandao, inazitaka taasisi za umma kuwa na kamati za uongozi za TEHAMA na kuzingatia viwango vinavyotolewa na Mamlaka hiyo. Hii ina maana kwamba TEHAMA si suala la fundi peke yake. Afisa Masuuli ndiye anayeamua kama bajeti ya mwaka itakuwa na fungu la betri, njia ya pili ya mawasiliano, vifaa vya akiba na safari za matengenezo, au itanunua kompyuta mpya na kuziacha bila matunzo.

Kipimo cha kazi hiyo hakipatikani katika idadi ya kompyuta zilizogawiwa. Kinapatikana kwa kuhesabu, mwezi hadi mwezi, saa ambazo kila ofisi ilishindwa kuhudumia wananchi na sababu yake. Halmashauri inayotunza hesabu hiyo itajua pa kuelekeza fedha zake. Isiyoitunza itaendelea kusema mtandao unasumbua, na mwananchi ataendelea kulipa nauli mara mbili.